Kadi za Rabab kwa Wino wa Karkade

Jumamosi, 6 Septemba
Katriji mpya nyekundu inauzwa ghali kuliko nilivyonunua printa yenyewe! Wizi wa mchana. Shemeji Fikri, kaka wa mke wangu Inshirah, ana duka la kuchapa hapo chini. Kaniambia mbele ya wakwe nimpelekee kadi za harusi ya binti yangu Rabab, atanipunguzia bei. Na kile kicheko chake! Nikaapa papo hapo: nikimlipa Fikri hata piasta moja, Inshirah ametalikiwa. Mji wetu mzima wa Tanta huapa hivyo kwa sababu ya bei ya nyanya tu, lakini Inshirah hajanisemesha tangu adhuhuri. Bi Tafida, mama wa bwana harusi, anataka kadi mia mkononi Jumanne. Bila kadi, kasema, hakuna harusi.

Jumapili, 7
Katriji ya zamani imekauka. Nimeitumbukiza kwenye maji ya moto. Imezinduka! Kisha ikatapika wino wote juu ya kitambaa cha meza cha Inshirah. Sasa katriji ni safi kabisa, ila tupu. Inshirah amevunja ukimya. Heri angeendelea nao.

Jumatatu, 8
Wazo! Kwenye friji kuna jagi la karkade, kile kinywaji cha maua makavu, baridi, nyekundu pyu. Nimeijaza katriji kwa bomba la sindano. Kadi mia, rangi ya waridi, na zinanukia! Rabab kauliza mbona vidole vinanata kwenye jina lake. Nikamwambia kadi za watu wa maana hunata. Nimezifunga katika bahasha na kuzificha kwenye kabati la jikoni, Fikri asije akaiga.

Jumanne, 9
Balaa! Nimezipeleka mwenyewe, na suti nimevaa. Bi Tafida kafungua bahasha ya kwanza. Sisimizi! Wametoka kwa mstari, wakampanda mkono mpaka kwenye bangili. Kumbe Inshirah alikuwa ameshaitia karkade ile nusu kilo ya sukari kwa ajili ya wageni. Bi Tafida akapiga yowe: "Mwanangu haoi kichuguu!" Kanipa siku moja tu. Rabab amelia mpaka macho yamevimba, na mimi nimeona aibu, kweli nimeona aibu. Inshirah kasema niende kwa Fikri. Nikamkumbusha: nikimlipa, wewe umeachika. Akanijibu kwamba amelifikiria hilo na haoni hasara.

Jumatano, 10
Fikri amechapa kadi zote kabla ya adhuhuri. Bure! Zawadi ya mpwa wangu, kasema, na wewe shemeji usiiguse mashine yangu hata kwa macho. Bi Tafida kazikagua moja moja, kazipuliza, kazikung'uta, kisha akapiga kigelegele. Harusi ipo! Rabab kamkumbatia mjomba wake kwanza. Mimi baadaye, kwa mkono mmoja.

Alhamisi, 11
Nimetafakari kwa utulivu. Fikri sikumlipa, mke ninaye, kadi zimepatikana. Kwa hiyo mpango wangu umefaulu! Kosa langu lilikuwa moja tu: karkade ni nyepesi mno. Sasa inatakiwa orodha ya wageni ya kubandikwa mlangoni, na katriji nyeusi nayo imekauka. Asubuhi nimekula mkate na asali ya miwa. Nzito, nyeusi ti! Na Inshirah ana kopo zima.