Bahari Inaondoka Saa Nne

Nimeingia kijiweni mbio, simu juu, hata salamu sijatoa.

"Jamani! Bahari inaondoka saa nne!"

Kijiwe chetu ni mabenchi mawili nyuma ya stendi ya Karatu, kwa Evarista, ambaye kila mtu anamwita Mama Chupa kwa sababu ya zile chupa zake tatu za kahawa. Kesho alfajiri mimi na yeye tunapanda pikipiki yangu, safari ya Pangani. Miaka kumi na tisa anawamiminia kahawa madereva wa watalii, na kila mtalii akitoka kreta kuona wanyama anasikia sasa anapelekwa bichi. Yeye bichi hajaiona. Mdogo wake, Selina, amekubali kumshikia jiko siku nne, na ameapa harudii.

"Inaondoka kwenda wapi, Redio?" Mama Chupa akauliza. Redio ni mimi. Nina diploma ya uandishi wa habari, ila hilo jina ninalo tangu darasa la tatu.

"Nimesoma hapa, kupwa na kujaa! Saa nne asubuhi maji yanakuwa yameenda huuuko, mpaka saa kumi jioni ndo yamerudi."

Parmuat akaweka kikombe chini. Dereva wa watalii huyo, tunamwita Darubini, maana ile darubini haitoki shingoni hata kanisani.

"Kumbe inahama," akasema. "Kama nyumbu. Mama Chupa, nakwambia kama mtu wa porini, unaweza ukaikosa."

"Bahari unaikosaje? Acha fiksi!" Lazaro huyo, fundi pikipiki, jina la kazi Plagi. "Si kubwa!"

"Kwani tembo mdogo? Mwaka jana nimezunguka na Wajerumani siku tatu, tembo hakuna. Wamerudi kwao na picha za mavi."

Lembris, anayeshusha ng'ombe kutoka Arash kuja mnadani, akachomeka fimbo chini. "Inatoka asubuhi, inarudi jioni. Hiyo ni ng'ombe. Nani anachunga?"

"Mwezi ndo unaivuta," nikamjibu.

"Mwezi?"

"Mwezi."

"Yeyo, mama yangu," akamgeukia Mama Chupa kwa huruma, "usiende. Mchungaji gani mchana haonekani? Hiyo ilishapotea."

"Na geti lake linafungwa saa ngapi?" Plagi akadakia.

Hakuna aliyecheka. Wote wakaniangalia mimi.

"Geti... sijauliza."

"Diploma nzima!"

"Kumi na mbili kamili, kama mageti yote ya hifadhi," Darubini akasema. "Sasa oneni. Inarudi saa kumi, geti kumi na mbili. Masaa mawili, na hapo bado kibali."

"Mimi nilipanga tusimame Same tupige picha milima ya Upare," nikajitetea, "halafu mkonge wa Korogwe, halafu..."

"Simameni!" Darubini akanikata. "Mkiwa mnachekea mkonge, bahari inawapita kwa nyuma!"

Mama Chupa alikuwa anafuta kikombe kimoja muda wote. Chini ya benchi kuna mfuko wa rambo, ndani kandambili za pinki, mpya, za bichi. Akausogeza kwa mguu.

"Nikiikosa hii," akasema polepole, "ndo basi. Selina hatanipa siku nne nyingine."

"Sikupi," Selina akaitikia kutoka jikoni.

Hata Lembris akaacha kutafuna mswaki. Mimi nilitamani niimeze hiyo simu.

"Darubini," Mama Chupa akaita. "Wale Wajerumani walipomkosa tembo, uliwaonyesha nini?"

"Pale alipolala. Majani yamelalia upande mmoja, ukubwa wake wote unauona. Mmoja alilia."

"Haya. Mimi nikikuta imeondoka, nitaangalia pale ilipolala."

Akakitua kikombe, akaokota mfuko wake, akavaa helmeti. Nyuma mbele.

"Redio, washa. Mambo ya kesho sitaki, twende tuiwahi. Selina, chupa hizo!"

Nimewasha, tunaingia lami, namwona Darubini kwenye kioo anatukimbilia kama tumemwibia. Kafika anahema. Akaivua ile darubini, mara ya kwanza tunaiona shingo yake, ina mstari kama ng'ombe aliyefungwa kamba, akamvisha Mama Chupa.

"Sikiliza, Mama. Ukiiona tu, usipige kelele, usinyooshe kidole. Na huyu mwambie azime injini."