Kupaka Nyumba Bila Kwenda Dukani

Jumatatu, 4 Julai 1977. Kasekese.

Ujumbe umefika kutoka Litapunga. Baba mkwe, Mzee Apolinari, atakuja Jumapili baada ya misa kuiangalia nyumba yangu kwa macho yake. Akiikuta ni nyumba ya watu, atamwacha Hilaria wangu hapa hapa. Akiikuta bado ni zizi, atarudi naye. Zizi! Nyumba ina ufa mmoja tu, na kuta zimekula moshi kidogo.

Hilaria aliondoka wiki tatu zilizopita. Alisema amechoka kuolewa na majaribio. Kisa ni kitenge chake cha Pasaka, nilichokifua kwa majivu na majani ya mpapai ili tusinunue sabuni. Kilitakata kabisa. Matundu yalikuwa machache. Mpaka leo sijaelewa alilia nini.

Nimemkumbuka. Ugali ninaosonga mwenyewe una mabuja, na hakuna wa kumlaumu.

Basi, nyumba itapakwa nyeupe. Dukani kwa Mikidadi chokaa hakuna, na hata ingekuwepo nisingenunua. Mungu amejaza kila kitu jikoni, watu wanakimbilia dukani.

Jumanne, 5 Julai.

Nimekwenda kwa Mzee Salvator, aliyepaka kuta za misheni ujanani. Akasema ni chokaa, uji wa muhogo kidogo ili ishike, na chumvi kidogo ili isibanduke. Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani. Akasema kidogo ni kidogo. Wazee hawana vipimo!

Badala ya chokaa nimechimba udongo mweupe kule mtoni. Vikapu sita, baiskeli imepinda rimu. Uji nimepika chungu kizima. Chumvi nimeikuta darini, nusu debe, ile Hilaria aliyoipangia foleni tangu alfajiri mwezi wa nne. Nimetia kopo, nikatia jingine. Kama kidogo inashika, nyingi itashika zaidi. Hiyo haihitaji shule.

Jumatano, 6 Julai.

Nimepaka kutwa nzima kwa brashi ya katani niliyoiponda mwenyewe. Jamani! Nyumba inang'aa. Wanaotoka kisimani wanasimama, wanatua ndoo, wanatazama.

Jirani yangu Masele, mwenye mbuzi wengi na maneno mengi zaidi, amepita akicheka. Ni mtani wangu. Amesema kwa mbali alidhani nyumba imevishwa sanda, akaja mbio kuuliza kama nimekufa ili arithi baiskeli. Nikamjibu atangulie yeye. Tumecheka. Ila wivu nimeuona.

Alhamisi, 7 Julai. Sabasaba.

Saba ya saba ya sabini na saba! Nimeamka nikijua leo ni siku ya bahati. Nimefungua mlango.

Mbuzi. Kumi na mmoja, wa Masele. Wamejipanga kuizunguka nyumba, nyuso zimeelekea ukutani, kimya. Nikadhani wamekuja kivulini. Hapana. Walikuwa wanalamba.

Nimewafukuza, wamerudi. Nimewafukuza kwa mawe, wamerudi na watoto wao. Kufika adhuhuri ukuta ulikuwa wa kahawia toka chini mpaka shingo ya mbuzi ilipofika, juu yake mweupe. Kijiji kizima kiko kwenye sherehe, mimi niko kwenye vita. Sielewi! Majani yapo. Pumba zipo. Kwa nini nyumba yangu?

Nimekwenda kwa Masele kumwambia anawafundisha mbuzi wake uadui. Amecheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Wewe umewaungia mboga kwa chumvi, sasa unawanyima kula?" Akasema niondoe chumvi nitapona.

Angeniambia mtu mwingine ningefikiri. Lakini mtani! Maneno ya mtani hayabebwi. Huyu huyu jana alisema nyumba imevaa sanda.

Ijumaa, 8 Julai.

Dawa imepatikana. Pilipili kichaa! Nimetwanga ungo mzima, nikachanganya na udongo mpya. Kwa kuwa pilipili ni nyepesi na inaweza kubanduka, nimeongeza chumvi ili ishike.

Nimepaka mpaka saa tisa. Nikasahau, nikafuta jasho usoni kwa mkono ule ule. Toka saa tisa mpaka saa kumi na moja sikuona kitu.

Nilipofumbua macho mbuzi walikuwa kazini. Wanalamba, wanapiga chafya, wanalamba. Ulimi wa mbuzi umetengenezwa na nini? Na wameleta ng'ombe wawili.

Jumamosi, 9 Julai.

Ng'ombe ni warefu. Sasa weupe unaanzia juu ya dirisha. Mmoja akishalamba hujikuna kwa kuegemea pembe ya nyumba, na ule ufa wangu mmoja sasa unapitisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Nimepaka mara ya tatu, kwa chumvi yote iliyobaki. Kisha nikakata matawi ya miiba nikaizungushia nyumba yote. Hata mimi nimejisifu. Sikuacha njia ya kuingilia, nimepitia juu ya miiba. Suruali ya Jumapili imechanika, basi.

Naogopa kesho. Naandika hapa tu, sitamwambia mtu: naogopa sana. Hilaria akirudi Litapunga mara ya pili, nitakuwa naishi na nani?

Jumapili, 10 Julai.

Sikwenda misa. Mungu anajua nilikuwa nalinda.

Mbuzi wanakula miiba. Nani alijua? Wameanza na ua, wakamaliza ua, wakaingia ukutani. Wakati huo huo wageni wakatokea njiani: Baba mkwe na koti lake, shangazi Romana, na Hilaria. Hilaria! Amenawiri. Nikasahau mbuzi.

Tumesalimiana vizuri, mimi nimeinama inavyopasa. Baba mkwe akauliza mifugo yote hii ni ya nani, na nyumba ina ugonjwa gani. Kabla sijajibu, yule ng'ombe akajikuna.

Pembe ya nyumba ikaanguka. Taratibu, kama mtu anayekaa chini. Vumbi lilipotulia, kitanda changu kilikuwa nje machoni pa wakwe! Kitanda, godoro la majani, na ile suruali iliyochanika juu yake. Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Baba mkwe akageuka akatazama barabarani, na tangu hapo akazungumza nami kwa mgongo. Aliuambia mwembe ulio ng'ambo ya barabara kwamba hajawahi kuona mambo haya tangu azaliwe. Nikaujibu mwembe kwamba nimesikia, Baba.

Hilaria alikwenda ukutani. Akagusa kwa kidole, akalamba. Akaniuliza chumvi iko wapi. Nikanyoosha mkono ukutani. Nilidhani atanitukana. Alicheka, kisha akalia, kisha akafuta machozi kwa kidole kile kile chenye pilipili, akalia zaidi.

Alipoweza kusema, aliniambia pole pole kama anavyoambiwa mgonjwa: nisimamishe ukuta, nikandike kwa udongo mwekundu na maji. Basi. Nisitie kitu kingine chochote. Hataki nyumba nyeupe, anataka nyumba iliyosimama. Baba mkwe, mgongo ukiwa kwangu, amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Wakaondoka. Kule kwenye kona Hilaria aligeuka akanitazama. Ananipenda bado. Nimelala na furaha chini ya anga, maana ukuta haupo.

Jumatatu, 11 Julai.

Sasa nimeelewa. Kosa lilikuwa chumvi! Watu wote hawa, hakuna aliyeniambia.

Masele amekuja mwenyewe kunisaidia kukata fito. Amesema niwe mwangalifu na mbuzi wake, wamenenepa kwa nyumba yangu na sasa hawataki majani. Ukuta umesimama kufika saa nane. Udongo mwekundu ninao, maji ninayo. Hilaria ni mke mwema, ila mambo ya ujenzi hayajui. Udongo na maji peke yake utapasuka. Lazima kitu cha kushikisha.

Nimefikiri, nikaenda kwa mrina asali aliyerudi jana toka porini. Nimempa pampu ya baiskeli, amenipa mtungi mzima wa asali. Nimeumwaga wote, nikachanganya, nikakandika. Ukuta unanata vizuri ajabu, na harufu yake ni ya sikukuu. Mbuzi hawajaugusa.

Nyuki tu ndio wamekuja, tena wengi, lakini wao hawali kuta.