Ofisi ya Dirishani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ukungu mpaka mlangoni. Baridi ya kung'ata. Lakini nimeamka na ari ya ajabu! Dada Fadhila wa Dar es Salaam amenitumia kijitabu ili nikitafsiri, na kijitabu chenyewe kinafundisha namna ya kuchapa kazi ukiwa nyumbani. Yaani mimi, Asheri, nafanyia kazi nyumbani, natafsiri kitabu cha watu wanaofanyia kazi nyumbani. Kama si baraka ni nini?

Kazi ifike Jumamosi jioni. Dada Fadhila akiridhika, atanipa vingine mfululizo. Asiporidhika, Jumapili baada ya ibada Mjomba Hezroni anapanda kutoka Same kuja kunichukua nikasimamie mashine yake ya kusaga. Yeye na Mama wamekwisha kupatana. Mama anasema mtu aliyekaa kitandani na blanketi miguuni hafanyi kazi, anaumwa.

Nimefungua kompyuta. Mama akaomba nimshikie mbuzi. Nimeshika. Nimefungua tena. Mama akaomba nikamtafute kuku anayetaga kwa majirani. Nimemtafuta. Nimefungua mara ya tatu, mbiu ikalia. Msaragambo! Wiki hii kitongoji kizima kinatoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, maana ndiva isiposhika maji tangawizi zote zitanyauka. Aliye kazini husamehewa, basi nikatulia tuli. Mzee Tumainieli, mwenyekiti wetu, akaja mpaka chumbani. Shikamoo. Marahaba. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, niko kazini. Kazini wapi? Hapa. Akatazama chini ya meza, akatazama darini, kazi hakuiona. Akanikabidhi jembe.

Jioni: malengelenge mikononi, na sentensi moja tu. Hata hiyo haijakamilika, kwa kuwa neno la kwanza limenishinda. Wenzetu wana neno lao kwa mtu asiyeajiriwa na yeyote, anayepokea kazi ya huyu leo na ya yule kesho. Frilansa. Nimeandika "mfanyakazi huru". Nikamsomea Mama. Akauliza nilifungwa lini.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata dawa! Imo humo humo kwenye kijitabu, sura ya kwanza: amka, vaa nguo za kazi, toka nje, kisha uingie ofisini kwako. Hawakusema uingilie wapi.

Nimevaa tai ya marehemu Baba, ile ya harusi yake. Nikamwamkia Mama, nikamwambia nimepata ofisi, naenda kazini. Mama akaweka chini ungo, akanishika kichwa, akaniombea papo hapo. Sala ndefu. Alimtaja mpaka mwajiri wangu, akamwombea afya. Nilijisikia vibaya kidogo, ila si sana. Nikashuka na njia mpaka kwenye kona, nikarudi kupitia migombani, nikazunguka nyuma ya nyumba. Dirisha langu ni la mbao, halina nondo. Baba alikuwa ataziweka, Mungu akamwahi. Nikapanda ndoo. Nikaingia.

Kazi ilivyokwenda! Hakuna mbuzi. Hakuna kuku. Mbiu ikalia, nikamsikia Mama akimweleza Mzee Tumainieli kwamba Asheri yuko kazini, na sauti yake ilikuwa imevaa viatu vipya. Nimemaliza sura tatu. Jioni nikatokea dirishani, nikazunguka, nikabisha hodi mlango wa mbele, nikalalamika kwamba ofisini mambo ni mengi. Nimepewa makande yenye maziwa, na mkia wa samaki uliokuwa umewekewa mchungaji.

Sijui kwa nini watu huona maisha magumu.

Jumatano, 11 Juni

Paschal! Huyu jirani yangu nilisoma naye, nikamshinda hesabu mara mbili, na bado hajanisamehe. Siku hizi anakusanya tangawizi kwa niaba ya kikundi cha wakulima. Wamempa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Anakivaa shambani, anakivaa kanisani, nasikia analala nacho.

Asubuhi nafika konani ili nigeuze, huyo hapo na pikipiki yake. Amesikia nimepata ofisi. Akasema haiwezekani msomi mwenzake atembee kwa miguu, atanifikisha mpaka mlangoni. Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa kwa heshima. Akasisitiza kwa heshima zaidi, na Mama alikuwa anatutazama kutoka uani akitabasamu. Nikapanda.

Tulipofika senta akazima pikipiki, akakunja mikono, akataka aone naingia mlango upi. Duka la dawa limefungwa. Ofisi ya kijiji imefungwa, wote wako ndivani. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi. Nikaingia kwa kujiamini.

Ni kwa kinyozi. Na kinyozi hakuwa na mteja tangu asubuhi. Nilijaribu kukaa tu, akasema kiti si cha mazungumzo. Nje, Paschal bado yupo, anafuta kioo cha pikipiki ambacho hakina vumbi. Nimenyolewa kipara.

Siku nzima imepotea! Nimerudi kwa miguu nikipigwa na baridi utosini. Mama akauliza kama ofisini tunanyoana. Nikamjibu ndio utaratibu kwa wafanyakazi wapya. Akasema ni ofisi ya nidhamu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejitengenezea kitambulisho. Boksi la dawa ya meno, picha yangu ya kidato cha nne, kamba ya kiatu. Ukiwa mbali huwezi kujua. Nimepita nacho mbele ya nyumba ya Paschal mara mbili, nikakohoa, hakutoka. Kisha kona, migomba, ndoo, dirisha.

Nimeanza tu sura ya nne, ufunguo ukazunguka mlangoni. Mvunguni! Mimi, kompyuta na kipara. Mama aliingia na magunia ya tangawizi, nyuma yake Mama Agatha wa kwaya. Nikamsikia akieleza kwamba nje kuna ukungu, tangawizi hazikauki, na chumba cha kijana kinashinda kitupu siku nzima tangu apate ofisi. Wakamwaga tangawizi sakafu nzima. Kisha wakakaa hapo hapo kuzikatakata. Yaani nimefanya kazi ya kuhama chumba changu mwenyewe.

Mama Agatha akauliza hasa huyu kijana anafanya kazi gani. Mama akajibu kwamba ni mambo ya lugha, ya Dar es Salaam, hata yeye hayajui vizuri, lakini anatoka asubuhi na tai ya baba yake na anarudi amechoka, na kwamba tangu msiba wa Baba yeye mwenyewe hajalala vizuri kama wiki hii. Alisema hivyo huku akikata tangawizi, kama jambo la kawaida. Nikalala pale chini nikijiona mtu mwovu. Halafu akasema mimi ndiye mwenye akili kuliko watoto wote wa ukoo, nikapata nafuu.

Nimetafsiri nusu ya sura ya nne kwa kidole kimoja. Inahusu umuhimu wa kufanyia kazi mahali penye mwanga na hewa safi.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwa shida. Mkono unauma, goti limechubuka, heshima sijui iko wapi.

Nilikuwa mvunguni na sura ya mwisho. Mama yuko peke yake, anageuza tangawizi zake, anaimba wimbo wa kwaya polepole. Vumbi la tangawizi likashuka. Nilibana pua. Nikauma tai. Nikafikiria mashine ya kusaga ya Mjomba. Haikusaidia. Nikapiga chafya ambayo nadhani waliisikia mpaka Ugweno.

Wimbo ukakatika. Mama akasema kwa jina la Yesu, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo. Kisha nikasikia yowe. Kisha mbiu, ile ya hatari! Na wiki hii watu wote wenye nguvu wako pamoja ndivani, tena wana majembe mikononi. Sijawahi kuona kitongoji kikiitika haraka namna hiyo.

Nikaamua kutoroka. Dirishani! Kichwa kikapita, mabega yakapita, suruali ikanasa kwenye msumari. Nikabaki nusu ofisini nusu migombani, tai inaning'inia, kitambulisho cha dawa ya meno kinaning'inia. Wa kwanza kufika alikuwa Paschal. Nani mwingine?

Kesi ikasikilizwa hapo hapo, mimi nikiwa bado dirishani. Kwetu mtu huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya mbuzi, basi hakuna aliyeharakisha. Mzee Tumainieli akauliza hili ni dirisha la nani. Langu. Na chumba? Changu. Nilikuwa naiba nini? Nilikuwa nafanya kazi. Wakacheka mpaka wengine wakaegemea majembe. Mama peke yake hakucheka. Alinitazama, akatazama tai, akasema taratibu kwamba aliiambia kwaya nzima. Basi. Wallahi nilitamani angenichapa.

Ndipo Paschal akaona nafasi yake. Akapaza sauti kwamba mimi si mfanyakazi wala nini, mimi ni deiwaka tu! Leo nafanya kazi ya huyu, kesho ya yule, chombo si changu, ofisi sina, jioni napeleka hesabu.

Mzee Tumainieli akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli kabisa. Akageukia watu akawaambia kumbe kijana ni deiwaka! Mbona hakusema? Wanaoendesha pikipiki za wenzao wanajulikana, nani aliwahi kuwaita wavivu? Akauliza hesabu ya tajiri wangu inapelekwa lini. Nikamjibu kesho jioni, nisipopeleka nimekwisha. Watu wakaguna kwa huruma. Kila nyumba hapa ina deiwaka.

Mama akasogea, akauliza kama basi siku zote nilizokaa kitandani na blanketi nilikuwa barabarani. Nikamwambia ndiyo, Mama. Akainama, akanasua suruali yangu kwenye msumari.

Nimetozwa faini ya yowe la uongo: kesho asubuhi niko ndivani.

Jumamosi, 14 Juni

Nimezoa tope mpaka masikioni. Mchana nikarudi mbio, sura ya mwisho bado! Mama alikuwa ameondoa tangawizi zote, amefagia, ameweka kiti. Yeye mwenyewe akakaa mlangoni na mchi. Mama Agatha alikuja kuazima chumvi akarudishwa. Mbuzi alikuja akarudishwa. Nimeandika kama mtu anayefukuzwa, na pale juu kabisa nikafuta "mfanyakazi huru", nikaandika "deiwaka".

Mtandao unashika ukingoni mwa ndiva tu. Nimekimbia giza likiingia, nikainua kompyuta juu ya kichwa, ikatuma.

Dada Fadhila amejibu! Amecheka, anasema ofisini kwao wamebishana wiki nzima kuhusu neno hilo. Amelipitisha. Vijitabu vingine vinakuja! Akauliza nililipataje. Nimemwandikia kwamba ni matokeo ya utafiti wa muda mrefu, nyanjani.

Jumapili, 15 Juni

Mjomba Hezroni alifika baada ya ibada, na koti la unga ameniletea kabisa. Mama akamketisha, akampakulia makande, akamweleza kwa utulivu kwamba mwanawe ni deiwaka wa Dar es Salaam na hana nafasi. Mjomba akatafuna muda mrefu. Akasema deiwaka mzuri ni adimu, akaondoka na koti lake. Nilitamani kuruka!

Paschal naye alinisubiri nje ya kanisa. Alidhani nitamshukuru. Nilimpa mkono na kumtia moyo aendelee kujisomea.

Mama ametangaza utaratibu mpya. Hakuna mtu kunisumbua tena. Atakaa mlangoni kila siku na mchi wake, na mimi sitatoka mpaka jioni, hata kwa maji. Akachungulia akanikuta kitandani na blanketi miguuni, akaurudisha mlango kwa vidole, asinipotezee mwendo.

Kijitabu kipya kimefika. Kinahusu kusema ukweli na watu unaoishi nao. Kinaonekana chepesi.

Jumatatu, 16 Juni

Jua zuri. Mlango umelindwa. Kimya kabisa. Hakuna anayeniita. Hakuna mbuzi. Nimesoma sentensi ya kwanza mara nyingi, kila mara ni ile ile.

Mbiu imelia. Leo ndiva inafungwa na wote wanakula pamoja ukingoni. Bila mimi! Nimesamehewa, niko kazini. Upepo unaleta harufu ya makande na sauti ya Paschal, anasimulia ile habari ya dirisha, na anaikosea. Anasema nililia. Jambo kama hilo haliwezi kuachwa hivi hivi, ni lazima mtu aende akalirekebishe.

Nimewaza kumwomba Mama ruhusa. Anaimba pale mlangoni, ana furaha, kwa nini nimharibie siku? Nimeupaka sabuni ule msumari. Ndoo iko palepale. Mto nimeulaza kitandani, nikaufunika blanketi, nikauvika tai ya Baba. Mama akichungulia ataona wazi kwamba niko kazini.