Yah: Bibi Harusi Kujibu kwa Sauti ya Mbuzi

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kompyuta yako. Sisi huku Ipagala hatujambo, isipokuwa mke wangu Anyesi haniongeleshi, na chanzo ni ukurasa wako wa teknolojia.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Binti yetu Gladness amefunga ndoa na Marko wa Chang'ombe. Mama mkwe wangu, aliyemlea Gladness tangu akiwa mdogo, hakuweza kuja kutoka Mpwapwa kwa sababu amevunjika nyonga. Alilia kwenye simu mpaka na sisi tukalia. Nikamwahidi: "Mama, harusi nitakuletea hapo hapo kitandani."

Ndugu walikuwa wamerekodi kwa simu zao. Kilichobaki ni kuunganisha vipande kwenye kompyuta ya nyumbani. Ndipo nikasoma makala yako ya programu za kuhariri video kwa wanaoanza. Nikachagua ile uliyoisifu kwamba hata asiyejua kitu ataiweza. Nilijiona nimetajwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Programu ilinipokea kwa kuniuliza kama nataka kuanzisha mradi mpya. Ndugu Mhariri, nilistaafu ili nipumzike na miradi. Nikabofya "Hapana", ikajifunga. Nikaifungua, ikauliza tena. Tulibishana asubuhi nzima, mpaka Anyesi akasema, "Baba Gladness, kubali tu, mwenzio hana masikio."

2. Ina alama ya mkasi. Makala yako haikueleza kwamba mkasi huo unakata kweli. Hotuba ya mjomba wa bwana harusi imebaki "Ndugu zangu, kwa kifupi". Hapa lakini, waliokuwepo ukumbini wanasema imeboreshwa.

3. Picha zina mstari wake na sauti zina mstari wake, na hakuna unaomsubiri mwenzake. Nilipogusa mmoja, mwingine ukateleza. Sasa mchungaji anauliza vizuri kabisa, "Gladness, unakubali Marko awe mume wako?" Mtoto anafungua kinywa, machozi yanamlengalenga, na kinachosikika ni mbuzi wa zawadi: "Meee!" Mchungaji, kwa uso wa ibada, anaitikia kwa sauti ya mshereheshaji: "Meza kuu watangulie kwenye chakula!"

4. Hili ndilo lililonivunja. Sikujua kwamba nilichopakua hakikuwa programu kamili. Video ilipokamilika, vifuani mwa maharusi yakatokea maandishi makubwa: TOLEO LA MAJARIBIO. Yapo kanisani, yapo kwenye keki, yapo wakivishana pete. Nami nilishaituma Mpwapwa kabla ya kuitazama. Mama mkwe akampigia Anyesi: "Hawa watoto wamefunga ndoa, au wanajaribiana kwanza?" Tangu simu hiyo natengewa chakula bila maneno. Wazee wa upande wa Marko nao wamesikia, wanauliza kama toleo kamili litakuwa na bibi harusi yuleyule.

Kwa hiyo naomba ukurasa wako ulifute neno "wanaoanza". Ikishindikana, gazeti liandae harusi ya Gladness upya, taratibu, kwa mpangilio ambao programu inaupenda, watu wakizungumza mmoja mmoja na mifugo ikiachwa nyumbani. Mchungaji amesema hana nafasi, naomba mumbembeleze. Mwisho, uje wewe mwenyewe umwombe radhi Anyesi. Mimi nimeshindwa, na sasa sote wawili ni wahariri.

Wasalimie wote ofisini, na nyumbani kwako pia. Aliyeandika ile makala msalimie peke yake, taratibu.

Ni mimi, nikiwa bado naanza,
Cornel Sila,
Ipagala, Dodoma.

Baada ya sahihi: Mama mkwe amepiga simu sasa hivi. Nilipokea kwa woga. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Hivi wewe ulikuwa wapi siku zote na kipaji hiki?" Anasema tangu aanguke hajawahi kucheka hivyo. Majirani wanajaa chumbani kwake kuitazama. Nikamwambia nitamtumia iliyosahihishwa. Akajibu, "Ukiigusa, usinikanyagie hapa." Anyesi alikuwa anasikiliza mlangoni, amecheka mpaka akakaa chini, kisha akaniita kwa jina langu. Programu yako ni nzuri sana, nayafuta malalamiko yote. Kesho tunakwenda Mpwapwa kuitazama pamoja naye. Anasema jana, maharusi walipokuwa wanaingia ukumbini kwenye video, alishika fimbo, akasimama, akacheza nao.