Malengelenge Yasiyo na Moto

Galbet, Garissa

Kwa Daktari Msimamizi wa Wadi ya Upasuaji,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima, na mikono yako yote miwili haina lengelenge hata moja. Mimi ni Hirsi Deeq, dalali wa ngamia, mume wa Hawo, yule mliyemlaza Jumanne ili mumtoe uvimbe tumboni. Mlimdunga dawa ya usingizi kwenye mshipa, mkono ukatoka malengelenge, mkaahirisha upasuaji. Uvimbe bado anao. Sasa mnataka arudi Jumatatu. Simleti mpaka nijibiwe haya:

1. Daktari wenu anasema ni ile dawa, na kwamba hutokea kwa nadra sana. Mimi nikimuuzia mtu ngamia akafa kabla ya kufika Modogashe, nimwambie ni nadra? Atanishika shati.

2. Nimeyahesabu malengelenge: saba, yamepangana. Kwetu mgonjwa huchomwa kwa chuma cha moto ili apone, na ami yangu Korane huchoma saba vilevile. Basi semeni ukweli, mlimlaza ili mumchome. Ami humchoma mtu akiwa macho, kwa ruhusa yake mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima.

3. Kama ni kuchoma tu, mlisomea nini miaka yote hiyo? Mwajirini ami Korane. Hana shahada, lakini hajawahi kuacha kazi katikati.

4. Kubwa kuliko yote, Hawo hakuonywa. Mke wangu ni mtu, si mzigo wa kupakiwa lori. Alistahili kuambiwa kila kitu kabla ya kufumba macho. Aliyemficha maneno hayo aombe msamaha mbele ya ukoo mzima, kisha asikaribie mgonjwa tena.

Wasalimie wauguzi wote, wapishi, na hasa huyo mchomaji wenu, popote mlipomficha.

Wenu nisiyeridhika,
Hirsi Deeq

Tanbihi: Nimemsomea Hawo barua hii kwa Kisomali. Akaniuliza: "Siku ile daktari aliongea mpaka chai yake ikapoa. Wewe ulinitafsiria maneno mawili, utalala, utaamka. Mengine yalikwenda wapi?" Daktari alisema yote, hata malengelenge. Niliogopa angekataa kupasuliwa, nami nimpoteze. Atakuja Jumatatu. Binti wa dada yake, aitwaye Nimo, ndiye atakayemtafsiria. Mimi nimeambiwa nibaki nyumbani.