Kijia Chini ya Dirisha Langu

Jumatatu, 8 Mei
Mvua. Nimechoka! Kijia cha umma kinapita bustanini mwangu, chini kabisa ya dirisha la jikoni, na kijiji kizima cha Nether Wickling hunichungulia nikinywa chai. Leo jirani yangu, Bi Clutterbuck, alisimama, akagonga kioo, akanishauri nipunguze siagi. Siagi yangu! Mkate wangu! Eti kijia ni haki yao tangu enzi za mababu. Nami nasema kisipopitwa kitakufa chenyewe. Enid, mke wangu, anasema nivute pazia tu, yaishe. Nijifiche ndani ya nyumba yangu mwenyewe? Thubutu! Nataka asubuhi moja tu ya amani.

Jumanne, 9 Mei
Nimepigilia kibao getini: HATARI! FAHALI MKALI! Sina fahali. Hata kuku sina. Asubuhi sikuona mtu, nikajipongeza. Mchana wakaja wote kumtazama fahali! Pocock mwenye baa, ambaye hatembei hata kwenda kanisani, kaja na darubini. Akaniambia kijia kikitishiwa kufungwa, Mwingereza lazima akipite, hata kama hana anakokwenda. Bi Clutterbuck alileta tufaha, akauliza mnyama yuko wapi. Nikasema amelala. Akasema haidhuru, atasubiri. Alisubiri chini ya mwavuli mpaka saa kumi na moja. Alipochoka alikula tufaha mwenyewe.

Alhamisi, 11 Mei
Njia ya mwongo ni fupi, kwa hiyo nimeleta fahali wa kweli. Mkulima Hobday ameniazima wake, Clarence, huku akibana kicheko. Mnyama mkubwa kama ghala. Sasa tutaona!
Tumeona. Clarence anampenda kila mtu. Mabibi wa kwaya wanamkuna masikio. Bi Clutterbuck anamwita mpenzi. Hata Enid anambusu puani, mimi sijabusiwa tangu Krismasi. Nikitokeza mimi tu, mwenye nyumba, anainamisha pembe na kukwaruza ardhi. Amemaliza maharage yangu, akahamia kwenye mawaridi.

Jumapili, 14 Mei
Aibu! Nilisahau kwamba leo ndiyo Jumapili ya kubariki mashamba, kijiji kinapozunguka mipaka yote kikichapa mawe ya mpaka kwa fimbo, kama ilivyo desturi. Clarence alikuwa amelala mlangoni. Enid alimruka akaenda zake kwenye msafara. Mimi nilijaribu, akafungua jicho moja. Nikaamua kutokea dirishani. Suruali ya kulalia ikanasa kwenye komeo na kubaki juu, mimi nikaangukia majani yanayowasha. Hapo hapo wakatokea, Mchungaji Amory mbele, kwaya nyuma, wimbo hewani. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Pocock alivua kofia akasema mvua imetupa nafasi leo. Mchungaji akaafiki kwamba upepo ni wa kusini. Kila mmoja alinisalimu kwa adabu, macho yote juu ya mnara wa kanisa. Mchungaji alimbariki Clarence, akabariki mashina ya maharage, akanitazama, akasita, akanibariki na mimi.

Jumatatu, 15 Mei
Kamati ya kijiji imekaa. Kwa kauli moja wananishukuru kwa kuwafungulia bustani. Kijia kitapanuliwa. Tena wataweka benchi, chini ya dirisha langu! Bi Clutterbuck ndiye aliyetoa wazo, na ndiye atakayelizindua. Enid amewaokea keki.
Hobday kamchukua Clarence, watu wakapunga vitambaa. Enid akaniambia sikio la kufa halisikii dawa, akanionyesha pazia. Nimemweleza kwa utulivu kwamba mpango ulikuwa mzuri, kosa ni la mnyama. Fahali ana moyo laini. Bata bukini hana moyo kabisa! Nimeagiza kundi zima kwa Hobday, linafika kesho. Amenihakikishia wanamuuma kila mtu. Nikamuuliza kama wanamtambua mwenye nyumba. Akaanza kucheka, akashika uzio asianguke, akaendelea kucheka. Sijui kilichomchekesha ni nini.