Mahari Iliyorudi na Unga wa Njano

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Nimeachika. Ndiyo, mimi. Kuluthumu amejikomboa kwa khului: amenirudishia mahari yangu yote, shilingi mia sita kwa mpigo, mbele ya Sheikh Mabruki. Akasema uhuru umemgharimu kidogo kuliko alivyotegemea. Mimi nilikuwa nahesabu.

Jumanne, 6 Agosti
Mzee Masolwa, balozi wetu wa nyumba kumi hapa Isevya, kaja na daftari la unga wa njano, ule wa msaada wa njaa. Tangu Kuluthumu arudi kwao, kila Jumatatu napewa nusu debe, kwa sababu ya goti bovu na kwa kuwa tangu ukame hakuna anayeleta baiskeli kutengenezwa. Kumbe mwenye zaidi ya shilingi mia mbili mkononi hufutwa. Nikamweleza kwa kirefu kwamba mahari iliyorudi si pato. Ni mbuzi aliyepotea akarudi bandani. Akauliza kama mbuzi huyo, akisharudi, haliwi. Kanipa hadi Jumatatu nimwonyeshe kuwa sina kitu.
Nimemwandikia mhariri wa gazeti kurasa tisa. Stempu sijanunua. Nitaonekana nina fedha.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimepata dawa. Naoa! Mia sita zote zinatoka kuwa mahari, taslimu, mbele ya watu. Nitabaki fukara halali, tena mwenye mke: unga debe zima. Batuli wa Ntalikwa, mwanamke aliyekwisha kuolewa mara moja na mwenye akili zake, alikubali kabla sijamaliza hoja ya pili. Kaka yake alitaka mia nne. Nilibishana naye saa nzima mpaka akapokea mia sita.

Jumamosi, 10 Agosti
Ndoa imefungwa. Nilimwalika Masolwa makusudi, aone kwa macho yake fedha zikinitoka. Aliziona. Akala wali sahani mbili.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimefutwa. Masolwa anasema daftari huandika nyumba, si mtu, na nyumba yangu ina mia sita. Nikapaza sauti: mahari ni mali ya mke, mume hana hata senti ndani yake, sharia iko wazi. Foleni nzima ya unga ikanipigia makofi. Batuli akaniunga mkono. Ni zake peke yake, alisema, na sharia hiyo hiyo inamtaka mume amlishe mke. Akauliza leo tunakula nini. Makofi yakazidi.
Mbele yetu kwenye foleni alikuwa Kuluthumu. Baada ya kunilipa hana kitu, kwa hiyo ameandikwa. Nusu debe yangu imeondoka juu ya kichwa chake.

Alhamisi, 15 Agosti
Batuli na Kuluthumu wameshinda wakisukana nywele. Alasiri Batuli akaomba khului. Mia sita, anasema, kwa bei za dukani zitaisha kabla ya masika, lakini mwanamke asiye na mume wala fedha anapata nusu debe kila wiki. “Usiumie, mume wangu,” akaniambia, “wewe huna ubaya, ni hesabu tu.” Nikapokea fedha. Sheikh Mabruki hakuniuliza jina, alikuwa ameshaliandika.

Jumatatu, 19 Agosti
Wamepita wote wawili na mizigo yao kichwani. Wakaniamkia shikamoo, kama mzee wa kijiji cha mbali. Nikaitika marahaba. Ningefanyaje?
Nina mia sita na njaa. Dukani unga upo, lakini mtu mwenye msimamo hanunui haki yake.
Nimekaa nikapima kila kitu. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mahari ndogo: mwanamke akipewa nyingi, zitamuuma kuzirudisha. Nimeposa tena. Anaitwa Maua, mjane, mtaa wa nyuma. Natoa mia nane. Mia mbili nimeshakopa.
Jina la Maua nilipewa na Kuluthumu mwenyewe. Kumbe bado ananitakia mema.